Njia Nane, Mlango Mmoja

Mwanamuziki anayeanza kujirekodi nyumbani huko Bel-Air, katika komini ya Kampemba mjini Lubumbashi, swali lake la kwanza dukani huwa moja: mashine hii ina matundu mangapi? Anayataka manane, kwa sababu wimbo alio nao kichwani una magitaa mawili, besi, ngoma, sauti ya kuongoza na waitikiaji watatu. Kuhesabu amehesabu vizuri, ila amehesabu kitu kingine. Tundu ni mlango wa sauti kuingilia. Njia ni chumba ambamo kila sauti hulala peke yake. Watu wanane wakipiga kwa pamoja, milango minane inahitajika. Mtu mmoja akipiga vyombo vyote kwa zamu, atapita mlango uleule mara nane.

Katanga ina mfano wake wa zamani. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki kutoka Afrika Kusini, alimrekodi mpiga gitaa Jean-Bosco Mwenda mjini Jadotville, Likasi ya leo. Katika wimbo "Masanga", dole gumba linashika besi huku kidole cha shahada kikitembea na wimbo, hata msikilizaji akadhani wapigaji ni wawili. Mwenda alibeba njia zake vidoleni. Lakini sauti zote ziliingia pamoja, na kidole kikiteleza, dawa ilikuwa kuanza upya.

Kuzitenganisha sauti kulikuwa jambo la matajiri. Mashine ya Ampex yenye njia nane ilimfikia mpiga gitaa Les Paul wa Marekani mwaka 1957. Mwaka 1979 Tascam ikatoa Portastudio, njia nne ndani ya kaseti ya kawaida. Kwa mashine hiyo na mikrofoni mbili za Shure SM57, Bruce Springsteen alirekodi nyumbani albamu yake "Nebraska", iliyotoka mwaka 1982.

Leo anayeanza ana barabara mbili. Ya kwanza ni kompyuta na kadi ya sauti yenye matundu mawili, pamoja na programu kama Audacity, ambayo ni ya bure. Ya pili ni kinasa kinachojitegemea, mfano wa Tascam DP-006: njia sita, mbili zikirekodiwa kwa wakati mmoja, kikiendeshwa na betri nne ndogo. Mahali ambapo umeme wa shirika la SNEL hukatika katikati ya ubeti, betri si anasa. Nafasi ya kuhifadhia nayo isikutishe: kwa biti 24 na sampuli 48,000 kwa sekunde, njia moja hula megabaiti 8.6 kwa dakika. Wimbo wa dakika nne wenye njia nane haufiki megabaiti 280.

Jambo moja usilipuuze. Unaporekodi njia ya pili huku ukisikiliza ya kwanza kwenye kaske ya masikioni, kompyuta huchelewa kukurudishia sauti yako. Kuchelewa kwa milisekunde kumi ni sawa na kusimama mita 3.4 kutoka kwa spika. Kukizidi hapo sana, mdundo unaanza kukukimbia. Kwa hiyo chagua kadi inayokusikilizisha moja kwa moja kabla sauti haijapita kwenye kompyuta. Kaske nayo iwe ya kufunika sikio, isije ngoma ya njia ya kwanza ikavuja ikaingia kwenye mikrofoni.

Kisha mikrofoni. Ile ya kondensa, inayodai volti 48 kutoka kwenye kadi, husikia mengi mno: jirani, jenereta, kuku wa uani. Ile ya dainamiki haihitaji umeme huo, na ukiisogelea karibu hukupa wewe zaidi kuliko mtaa. Sababu ni ya kifizikia: umbali kati ya mdomo na mikrofoni ukipungua kwa nusu, sauti yako hupanda kwa desibeli 6, na kelele ya mtaa hubaki pale pale.

Chumba nacho ni chombo. Kuta tupu za matofali na saruji hurudisha sauti, na trei za mayai ukutani hazisaidii sana kwa kuwa ni nyepesi. Kitu kinene ndicho humeza sauti. Wimbi la hezi 1,000 lina urefu wa sentimita 34, na godoro lenye unene wa robo ya urefu huo, yaani sentimita 8 au 9, hulikamata vizuri. Besi ya hezi 100 ina wimbi la mita 3.4, na godoro la kuimeza halijashonwa. Simamisha godoro nyuma ya mwimbaji, kwa kuwa mikrofoni hutazama upande huo.

Basi fedha ikiwa kidogo, inunue mikrofoni moja nzuri ya dainamiki, kaske, na matundu mawili. Godoro liko tayari.

Inabaki mvua. Kuanzia Novemba hadi Aprili hupiga mabati, na hakuna programu itakayoiondoa kwenye sauti ya mwimbaji bila kumjeruhi. Ikianza, zima mikrofoni, chomeka waya wa gitaa la besi kwenye tundu lake, urekodi. Mvua haina njia ya kuingilia kwenye waya.