Mimi si Boyi



Siku moja niliwauliza wanafunzi wangu wa mwaka wa sita ni kazi gani wanazozitamani baada ya kupata diploma ya Serikali. Majibu yalikuwa yale yale ninayoyasikia kila mwaka: daktari, mwanasheria, injinia, mfanyakazi wa benki. Nikauliza tena: "Je, hakuna hata mmoja anayetaka kazi ya hoteli, au kazi ya kuwaongoza wageni wanaokwenda kuwatazama gorila?" Darasa zima likacheka. Ndipo aliposimama kijana mmoja, wala si mjinga hata kidogo, akasema: "Mwalimu, baba aliuza ng'ombe wawili ili mimi nisome. Nirudi nyumbani nimwambie kwamba nimekuwa boyi?"

Sikumkemea, maana neno hilo lina kidonda chake. Wakati wa ukoloni mtu mzima mwenye mke na watoto aliitwa boyi, yaani mtoto wa kiume, hata kama mvi zimemjaa kichwani. Alipika chakula asichokila mezani, akatandika kitanda asichokilalia, akaitikia kila alipoitwa. Wazee wetu walioyaona hayo waliapa kwamba watoto wao hawatashika sinia kamwe. Kiapo hicho nakiheshimu. Lakini kimetuziba macho pia, tusiione kazi yenyewe ilivyo, wala tusiwajue watu walioianzisha katika milima yetu.

Tutazame kwanza Kisoro, mji mdogo wa Uganda ulio karibu kabisa na mipaka ya Kongo na Rwanda. Mwaka 1955 Mjerumani mmoja, Walter Baumgärtel, alifika huko akashika hoteli ndogo iitwayo Travellers Rest. Nani angesafiri mpaka pembe ile ya dunia ili alale tu? Bwana huyo akatambua kwamba katika misitu ya volkano zilizo juu ya mji wanaishi gorila, na kwamba wageni watakuja kwa ajili yao. Alijaribu kuwavuta wanyama kwa vyakula, asifaulu, kwani msitu wao umejaa majani wayapendayo. Ikabaki njia moja: kuwafuata kwa miguu, polepole na kwa adabu. Na hiyo haikuwa kazi ya mwenye hoteli. Ilikuwa kazi ya kiongozi wake, Reuben Rwanzagire, mwenyeji wa huko, aliyesoma majani yaliyovunjika kama sisi tusomavyo gazeti.

Upande wetu wa Kongo alikuwako Sanwekwe. Alipokuwa kijana aliwatafuta gorila pamoja na Mmarekani Carl Akeley, yule aliyefariki Kabara, chini ya kilele cha Mikeno, mwaka 1926. Miaka arobaini ikapita. Mwanzoni mwa mwaka 1967 Dian Fossey alipopiga hema pale pale Kabara, aliyekwenda naye msituni na kumfundisha kufuata nyayo ni Sanwekwe huyo huyo. Jina la Fossey linajulikana duniani kote. Hata filamu ilitengenezwa juu yake mwaka 1988. Jina la mwalimu wake, je, ni wangapi wanaolijua hata huko Rutshuru?

Karibu na Bukavu hali ilikuwa kama hiyo. Hifadhi ya Kahuzi-Biega, au parki kama tuisemavyo sisi, iliundwa mwaka 1970, naye Mbelgiji Adrien Deschryver akaanza kuwazoeza gorila wasiwakimbie watu. Aliweza kwa sababu Batwa, wenyeji wa msitu, walimwonyesha njia. Hapa lazima niseme jambo chungu. Katika miaka hiyo hiyo Batwa wengi walifukuzwa katika msitu huo. Wachache walipata mshahara wa kufuata nyayo. Wengi walipoteza makao yao. Anayesifu utalii wa Kivu asilisahau hilo.

Huko Rwanda, mnamo mwaka 1979, Serikali ilikuwa na shauri la kukata sehemu ya msitu wa volkano ili kufuga ng'ombe. Wamarekani wawili, Amy Vedder na Bill Weber, wakaleta hoja nyingine: gorila walio hai, wakitembelewa kwa utaratibu, wataiingizia nchi fedha nyingi kuliko ng'ombe wale. Wakati huo gorila wa volkano zote, upande wa Kongo, Rwanda na Uganda, walikuwa kama 250 tu. Katika hesabu iliyofanywa mwaka 2015 na 2016 walionekana 604. Fedha za wageni hazikufanya hayo peke yake, kwa maana walinzi na waganga wa wanyama nao walifanya kazi kubwa. Walakini bila wageni mishahara ya watu hao ingetoka wapi?

Sasa nieleze kazi yenyewe, kwa kuwa darasa langu lilicheka kitu lisichokijua. Wafuata nyayo huondoka alfajiri, wakati wageni wangali wanakunywa kahawa. Hurudi mahali walipowaacha gorila jana, hutafuta viota vyao (gorila hutengeneza kiota kipya kila jioni), huvihesabu, huangalia kinyesi kama ni kibichi au kimekauka, kisha huzishika nyayo mpya mpaka waone kundi. Ndipo wanapomwarifu kiongozi kwa redio, naye huwapandisha wageni. Wageni hawazidi wanane kwa kundi moja, na muda wao ni saa moja tu. Zamani walitakiwa wakae mbali mita 7. Siku hizi ni mita 10, na barakoa usoni. Sababu ni kwamba gorila huambukizwa mafua yetu, na kikohozi ambacho kwetu ni usumbufu wa siku tatu kinaweza kumwua mtoto wao. Kuzoeza kundi moja huchukua miaka miwili au zaidi. Kuliharibu ni kazi ya asubuhi moja.

Tangu mwaka 2017 Rwanda inatoza dola 1,500 kwa mgeni wa ng'ambo kwa saa hiyo moja. Fikirini: mtu amevuka bahari, amelipa fedha hizo, na asubuhi ya safari ameamka na mafua. Ni nani atakayemwambia kwamba hatapanda mlima? Si waziri, wala si mwenye hoteli. Ni kiongozi aliyesimama mbele yake na fimbo mkononi. Boyi hawezi kusema neno hilo. Boyi husema "Ndiyo, Bwana," na kumpeleka. Au husogea naye karibu zaidi ya sheria, akitumaini kuongezewa bakshishi jioni. Mimi huona kwamba hapo ndipo utumwa ulipo, wala si katika kubeba mzigo wa mgeni. Mwenye ujuzi huikataa fedha hiyo kwa upole, kwa Kifaransa au Kiingereza kizuri, na mgeni hurudi kwao akimsifu.

Na hotelini je? Hayo ni mafupi kueleza. Mpishi anayeamka saa kumi usiku ili wageni waondoke alfajiri wameshiba, mfuaji anayejua kukausha mashuka katika nchi ya mvua, karani anayetunza vitabu, mnunuzi wa viazi na maharagwe katika vijiji vya jirani: kila mmoja ana ufundi wake, na mmoja akilegea wote huaibika. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," walisema wazee.

Siwafichi vijana ugumu. Kuna wenye hoteli wanaowalipa wafanyakazi kidogo sana, kisha huwaambia wategemee bakshishi. Jambo hilo ni baya, nalo huwarudisha watu katika uboyi ambao tunataka kuuacha. Na kuna vita. Mwezi wa Mei 2018 mlinzi mmoja wa kike aliuawa huko Virunga na watalii wawili Waingereza wakatekwa. Utalii ukafungwa hadi Februari 2019. Mwezi wa Aprili 2020, karibu na Rumangabo, watu 17 waliuawa kwa siku moja, na 12 kati yao walikuwa walinzi. Mwishoni mwa mwaka 2021 vita ikarudi Rutshuru, na mwaka 2025 ikafika Goma na Bukavu. Mpishi hodari kuliko wote hawezi kuleta wageni mahali pasipo na amani.

Kijana wangu sikumshawishi siku ile. Baada ya juma moja alikuja nyumbani kwangu jioni, akaniuliza kama ni kweli kwamba kiongozi anaweza kumrudisha mgeni aliyekwisha kulipa.

"Ni kweli," nikamjibu.

"Hata Mzungu?"

"Hata Mzungu. Hata waziri wetu."

Alinyamaza kidogo, kisha akauliza ni lugha ngapi zinazotakiwa.