Rutuba ya Ndani: Hewa na Unyevu Katika Nyumba za Nchi za Baridi

Mtu aliyekulia Lamu, Unguja au Tanga hana haja ya kufundishwa habari za unyevu, kwani tangu utotoni ameuona ukiingia nyumbani pamoja na upepo wa bahari, ukalowesha chumvi koponi, ukaotesha kawa juu ya viatu vya ngozi na juu ya nguo zilizokaa sandukuni wakati wa masika. Na kwa ajili hiyo amezoea kuuhesabu kuwa ni kitu cha nje, ambacho dawa yake ni kufunga. Akihamia Toronto, Leicester au Minneapolis, ambako siku hizi wasemaji wa Kiswahili si haba, huyachukua maarifa hayo pamoja naye, na baridi inapoanza hufunga madirisha yote, huziba kwa matambara kila upenyo unaopitisha upepo, huanika nguo za watoto juu ya rediata, na kabla majira ya baridi hayajafika nusu huona vioo vikitiririka maji kila asubuhi na pembe za chumba cha kulala zikiingia madoa meusi. Hapo husema kwamba nchi ile ina rutuba nyingi. Walakini maji yale ameyafanya yeye na jamaa zake, na hewa iliyo nje ya dirisha, hata theluji ikiwa inaanguka, ni kavu kuliko ile aliyoifungia ndani.

Sababu ya jambo hili, ambalo kwa mara ya kwanza husikika kama muhali, imo katika tabia ya hewa. Kadiri hewa inavyokuwa na joto ndivyo iwezavyo kuchukua mvuke mwingi: mita moja ya ujazo yenye nyuzi 20 za Selsiasi huweza kubeba gramu 17 hivi za maji yasiyoonekana, ikipoa hadi nyuzi 0 haibebi zaidi ya gramu 5, na ikishuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri, hali ya kawaida katika mikoa ya bara ya Kanada, hubakiwa na uwezo wa gramu 1 tu. Basi hewa hiyo ya nje, hata ikiwa imejaa unyevu wote iwezao kuubeba, ikiingia chumbani na kupashwa joto, unyevu wake hushuka hadi asilimia 5 au 6 ya uwezo wake mpya, ukavu ambao hata jangwani ni nadra. Ndiyo maana kufungua dirisha siku ya baridi kali hukausha nyumba, na kulifunga huilowesha.

Na maji ya kuilowesha hayakosekani. Watu wanne wakaao nyumba moja, kwa kupumua, kutoka jasho, kupika, kuoga na kuosha vyombo, hutia hewani kiasi cha lita 10 kwa siku, na zaidi ya hapo siku ya kuanika nguo ndani. Atumiaye jiko la mafuta ya taa kupashia chumba joto huongeza bila kujua lita moja ya maji, au karibu yake, kwa kila lita ya mafuta anayoyachoma. Mvuke huo wote hutangatanga nyumbani hata ukakuta mahali pa baridi. Hewa ya chumba chenye nyuzi 20 na unyevu wa asilimia 50 huanza kumwaga maji yake ikigusa kitu chenye nyuzi 9, nacho kioo chembamba cha dirisha, usiku wa Januari, huwa baridi kuliko hivyo. Kioo kikitoa jasho huonekana na hufutwa. Penye taksiri hasa ni mahali pasipoonekana, yaani nyuma ya kabati lililosukumwa mpaka likagusa ukuta wa nje, chini ya godoro lililowekwa sakafuni, na katika pembe ambamo kuta mbili za nje hukutana na dari. Kuvu haihitaji hata maji ya kutiririka: uso wa ukuta ukikaa siku kadhaa na unyevu wa asilimia 80 au zaidi, yatosha kuiotesha.

Wazee wa Ulaya hawakuwa na taabu hii kwa kiasi chetu. Nyumba zao zilivuja upepo kila upande, na moto uliowaka katika meko ya sebuleni ulivuta hewa ya chumba na kuipandisha dohani mchana kutwa, hata mvuke ukaondoka pamoja na moshi. Hata hivyo wenye hekima walikwisha tambua kwamba hewa ya nyumbani ina hesabu yake. Mnamo 1858 tabibu wa Munich, Max von Pettenkofer, aliandika juu ya kubadilisha hewa majumbani, akashauri kwamba gesi ya kaboni tunayoipumua nje isizidi sehemu 1,000 katika sehemu milioni ya hewa ya chumba, na kipimo hicho kingali kinatajwa na wahandisi hadi leo.

Mambo yaligeuka baada ya 1973, bei ya mafuta ilipopanda ghafula na watu wa kaskazini wakaanza kuziba nyumba zao ili joto lisipotee. Joto likabaki, na maji yakabaki pamoja nalo. Jibu lililo bora kwa tatizo hilo, kwa maoni yangu, lilitoka katika mji wa Regina, jimbo la Saskatchewan, ambako baridi hufika nyuzi 30 chini ya sifuri na kuzidi. Huko mwaka 1977 mhandisi Harold Orr na wenzake walijenga nyumba ya majaribio yenye kuta nene zilizojazwa vitu vya kuzuia joto, wakaizungushia upande wa ndani shuka ya plastiki isiyopitisha mvuke, wakaiziba barabara, wala hawakuitia tanuri la kupashia joto kama nyumba nyingine za huko. Lakini hawakuwafungia watu ndani ya mfuko. Waliweka chombo ambamo hewa chafu yenye joto hutoka na hewa safi ya baridi huingia, kila moja katika njia yake, zikitenganishwa na kuta nyembamba tu, hata ile itokayo ikaikabidhi joto lake ile iingiayo kabla ya kuaga nyumba. Vyombo vya namna hiyo leo huokoa joto zaidi ya robo tatu, ingawa katika baridi kali sharti viwe na njia ya kuyeyusha barafu inayogandia ndani yake. Mjerumani Wolfgang Feist, ambaye nyumba yake mashuhuri ya Darmstadt ilihamiwa na wakazi mwaka 1991, hakuficha kwamba alijifunza kwa wale wa Saskatchewan.

Mahali pa ile shuka ya plastiki pastahili kuangaliwa. Katika nchi ya baridi huwekwa upande wa ndani wa ukuta, upande wenye joto, kwa kuwa mvuke husafiri kutoka ndani kwenda nje, na ukipata tundu dogo la swichi au la taa hupenya hadi kwenye mbao za baridi, ukageuka maji, na mbao zikaoza pasipo mtu kuona. Kwa hiyo feni ya bafuni ambayo bomba lake limeachiwa darini, badala ya kufikishwa nje ya paa, ni hasara kuliko kutokuwa na feni kabisa.

Asiyekuwa na chombo kama kile, nao ndio wengi, na ajifunze kwa Wajerumani, ambao hufungua madirisha kabisa, ya pande mbili ikiwezekana, kwa dakika 5 hadi 10, mara mbili au tatu kwa siku, kisha huyafunga. Hewa yote hubadilika katika muda huo mfupi, lakini kuta na fanicha, ambazo ndizo ghala la joto, hazipati kupoa. Kinyume chake, dirisha lililoachwa wazi kidogo mchana kutwa hubadilisha hewa pole pole, hupoza ukuta uliolizunguka, na hapo hapo kuvu huota. Mlango wa jikoni na wa bafuni ufungwe wakati wa kazi, feni iachwe ikizunguka robo saa baada ya kuoga, kabati lisogezwe shubiri moja kutoka ukuta wa nje. Wala chumba kisichotumika kisizimiwe joto huku mlango wake u wazi, maana mvuke wa nyumba nzima utakwenda kukimbilia huko.

Kipimaunyevu kidogo cha bei nafuu humwondolea mtu kubahatisha. Kati ya asilimia 30 na 50 ndipo pa salama, na siku za baridi kali hukaribia 30, kwani zaidi ya hapo vioo huganda barafu. Lakini nyumba inayopitisha hewa nyingi mno katika nchi kama Saskatchewan hukauka hata midomo ikapasuka, pua zikatoka damu na mbao za fanicha zikaachana. Hapo kupunguza kasi ya feni huwa bora kuliko kununua mtambo wa kutia mvuke.

Neno moja kwa wale waliotoka kwenye jiko la mkaa: lisiwashwe ndani ya nyumba iliyozibwa, hata kwa saa moja. Februari 2021, umeme ulipokatika Texas wakati wa dhoruba ya baridi, watu walikufa kwa sumu ya gesi ya kaboni monoksidi kwa kuchoma mkaa ndani na kuwasha magari na jenereta karibu na makazi yao, wakitafuta joto.

Wala si haki kumtwisha mpangaji lawama yote. Mjini Rochdale, Uingereza, mtoto wa miaka miwili, Awaab Ishak, alifariki Desemba 2020, na uchunguzi wa mahakama ya vifo ulithibitisha mwaka 2022 kwamba maradhi yake ya kifua yalitokana na kuishi muda mrefu katika nyumba yenye kuvu. Baba yake alikuwa amelalamika tangu 2017, na majibu yaliyorudi yalielekeza lawama kwenye namna familia ilivyoishi. Sheria ya 2023 ya nyumba za kupangisha za umma imeweka sharti, linaloitwa kwa jina la mtoto huyo, la kuwataka wenye nyumba hizo nchini humo washughulikie hatari kama hizo kwa muda maalumu. Familia haiwezi kuacha kupumua wala kupika, na nyumba isiyoweza kuvumilia pumzi za wakazi wake ina kasoro ya ujenzi. Basi mpangaji aonaye madoa meusi yakirudi kila baada ya kufutwa, naye anafungua madirisha na kupasha chumba joto ipasavyo, na aandike kila siku kipimo cha unyevu na cha joto, apige picha za ukuta zenye tarehe, ampelekee mwenye nyumba barua na kubaki na nakala, na kama ana mtoto mwenye pumu, amwambie daktari habari za ukuta ule.