Baridi Isiyo na Barafu: Nanaa na Ndugu Zake (Sehemu ya Tatu)

Januari 2025 serikali ya Marekani iliuondoa mezani mpango wake wa kupiga marufuku sigara zenye mentholi, mpango ambao ilikuwa imeupendekeza Aprili 2022. Huku kwetu habari ile ilipita kama zipitavyo habari za mbali. Mimi ilinikera. Tangu nilipoanza kufundisha kemia nimekuwa nikiutetea darasani mnanaa, mmea unaotupa mentholi, na sipendi kuona tunda la kazi yake likitumika kumghilibu mtu.

Katika sehemu mbili zilizopita tuliona mafuta ya mnanaa yanavyokenekwa kwa mvuke, na wasomaji wa Pemba wanaokijua kiwanda cha makonyo cha Wawi hawakuhitaji kuelezwa mara mbili. Leo tuingie ndani ya tone lenyewe.

Kwanza kosa moja tuliondoe. Nanaa ya jikoni, ile tunayoitia kwenye chai, kwa kawaida haina mentholi ya maana. Harufu yake inatokana na kavoni. Sasa chukua punje za kisibiti, zitwange, unuse: nazo zina kavoni, lakini harufu ni nyingine kabisa. Atomi ni zilezile, idadi ileile, zimeungana kwa mpangilio uleule. Tofauti ni kwamba kavoni hizi mbili ni kama ndara za jozi moja, ya kulia na ya kushoto, na pua, kama mguu, inajua ipi imevaliwa. Kila mwaka niliwapitishia wanafunzi nanaa na kisibiti, na kila mwaka alikuwepo aliyekataa kuamini.

Mentholi imezidi. Molekuli yake inaweza kuundwa kwa namna 8, yaani jozi 4 za ndara, na mmea hutengeneza karibu ile moja tu yenye ubaridi mkali kuliko zote. Inapatikana katika mnanaa pilipili, chotara asiyezaa mbegu wa mnanaa wa majini na huu wetu wa chai; pipi zake ndizo zilizotupa neno peremende, ambalo leo tunalitumia kwa pipi yoyote. Lakini bingwa ni mnanaa wa Kijapani. Mafuta yake huweza kuwa na mentholi zaidi ya asilimia 70, na ukiyapoza yanaganda sindano nyeupe zinazometameta.

Nani asiyeijua Kitami? Wengi, nadhani, na ni aibu. Ni mji wa Hokkaido, kaskazini mwa Japani, ambako walowezi walifyeka misitu wakapanda mnanaa kwa hesabu ya mtu maskini: barabara mbovu, soko mbali, basi uza kitu chepesi chenye bei kubwa. Mkulima alikeneka mwenyewe kijijini, na mavuno ya shamba zima yakawa mzigo wa kubebeka. Kiwanda cha kusafisha mafuta na kutoa fuwele kilianza mwaka 1934, na kufikia 1939 eneo lile lilikuwa likitoa karibu asilimia 70 ya mentholi ya dunia. Kisha ikaja vita. Masoko yakafungwa, mashamba yakatakiwa yalime chakula, na pengo likazibwa na Brazili, tena kwa mikono ya wahamiaji wa Kijapani waliokuwa wakilima huko. Baadaye India ikawapita wote. Leo mkulima wa Uttar Pradesh ndiye anayeilisha dunia mentholi ya shambani. Kiwanda cha Kitami kilifungwa mwaka 1983. Miaka hiyohiyo kampuni ya Kijapani, Takasago, ilianza kuunda mentholi kutoka kwenye kemikali za utomvu wa misonobari, kwa njia iliyotokana na utafiti wa Ryoji Noyori, aliyepata Nobeli mwaka 2001. Kazi yake kubwa ilikuwa kukifundisha kiwanda kutengeneza ndara ya mguu mmoja tu. Jani lilikuwa likifanya hivyo kimyakimya kabla hatujajua kuandika.

Niwie radhi, Hokkaido imenichelewesha. Turudi mwilini.

Mentholi haipozi kitu. Weka kipimajoto kwenye ulimi wa mla peremende, hutaona barafu yoyote. Mwaka 2002 maabara mbili za Marekani, ya David Julius na ya Ardem Patapoutian, kila moja kwa njia yake, zilikitambua kipokezi cha TRPM8 kwenye mishipa ya fahamu. Ni mlango unaofunguka joto linaposhuka chini ya nyuzi 26 hivi, na mentholi huusukuma ufunguke hata pasipo baridi. Ubongo unaletewa habari ya jambo ambalo halikutokea. Wawili hao waligawana Nobeli ya tiba mwaka 2021 kwa kazi yao juu ya vipokezi vya joto na mguso.

Ghiliba hiyo ina heri yake. Mafuta ya mnanaa pilipili, yakiwa ndani ya vidonge visivyoyeyuka hadi vifike utumboni, hulegeza misuli iliyokaza na kupunguza msokoto. Ila moshi wa tumbaku unapokwaruza koo, mkwaruzo ule ni onyo, na mentholi hulinyamazisha. Kijana anayejaribu kwa mara ya kwanza hakohoi, anavuta kwa kina, na kuacha kunakuwa kugumu zaidi. Ulaya iliziondoa sigara hizo sokoni Mei 2020. Washington imeona haya kuwakasirisha wenye viwanda.

Nafasi imekwisha na la watoto sijalisema. Marhamu yenye mentholi isipakwe puani wala karibu na pua ya mtoto mchanga, kwani inaweza kumkaza koo na kumzuia pumzi. Na mwaka 1980 watafiti wa Nigeria walionya kuwa wachanga wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, upungufu ulio mwingi mahali penye malaria, pwani yetu ikiwemo, wako katika hatari ya kuingiwa na umanjano wakiguswa na mentholi. Kikopo cha marhamu hiyo kiko kwenye rafu ya kila duka la mtaani, karibu na sabuni.

Sehemu ijayo: pulegoni, ndugu wa mentholi anayeunguza ini.