Hewa Safi ni Haki ya Mkaazi: Nani Anadhibiti Moshi na Vumbi Mombasa Bara?

Mkaazi wa Changamwe anajua vumbi la malori yaendayo bandarini. Wa Kisauni anajua moshi wa taka za Mwakirunge, na wa Likoni anajua foleni za magari yakisubiri feri. Wengi huvumilia wakidhani hakuna la kufanya. Sheria inasema vingine.

Kifungu cha 42 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani haki hiyo inapovunjwa au kutishiwa, bila kulazimika kuthibitisha kwamba kuna mtu aliyekwisha kuumia. Si lazima kungoja watoto waugue.

Kazi imegawanywa

Udhibiti wa uchafuzi wa hewa umeorodheshwa katika Jedwali la Nne la Katiba miongoni mwa kazi za kaunti, pamoja na kelele na kero nyingine kwa umma. Utupaji taka pia ni jukumu la kaunti.

Mamlaka ya Taifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 1999, hutoa leseni kwa viwanda na kukagua vinachotoa. Kabla ya kiwanda kujengwa, lazima tathmini ya athari kwa mazingira ifanywe, na wakaazi wana haki ya kutoa maoni yao.

Kanuni za Ubora wa Hewa za mwaka 2014 ziliweka viwango. Kwa chembe ndogo zaidi za vumbi na moshi, zile zinazopenya hadi ndani ya mapafu, wastani wa mwaka uliwekwa usizidi maikrogramu 35 katika kila mita moja ya ujazo wa hewa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2021, linapendekeza 5 tu. Kwa hiyo hewa inayotimiza kiwango cha kisheria bado yaweza kudhuru afya.

Funzo la Owino Uhuru

Kiwango kwenye karatasi hakitoshi pasipo ukaguzi. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mikindani, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kilianza kazi mwaka 2007. Moshi na majitaka yake yalieneza madini ya risasi, na watoto walipopimwa damu walipatikana nayo. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014.

Wakaazi walienda mahakamani mwaka 2016. Julai 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 na kuagiza eneo hilo lisafishwe. Wenye kiwanda hawakubeba lawama peke yao. Taasisi za serikali zilizopaswa kukilinda kijiji ziliwajibishwa pia. Mahakama ya Rufaa ilitengua fidia hiyo mwaka 2023, lakini Mahakama ya Juu iliirejesha Desemba 2024. Kesi ilichukua miaka minane. Ukaguzi wa mapema ungegharimu kidogo zaidi, na afya iliyopotea hairudishwi na fidia.

Mkaazi afanye nini?

Kwanza, aandike tarehe, saa, rangi na harufu ya moshi, na upepo ulikotoka. Jambo hili la upepo lina uzito: wakati wa kusi moshi huelekea upande mmoja, na wakati wa kaskazi huelekea upande mwingine. Kipimo cha msimu mmoja hakielezi hali ya mwaka mzima.

Pili, apeleke malalamiko kwa maandishi kwa afisa wa mazingira au wa afya ya umma wa kaunti katika eneo lake. Yakihusu kiwanda, apeleke pia ofisi ya NEMA. Abaki na nakala iliyopigwa mhuri.

Tatu, asipopata jibu, Kamati ya Kitaifa ya Malalamiko ya Mazingira inaweza kuchunguza. Hatua ya mwisho ni mahakama.

Mwenye kikohozi kisichokwisha au pumu inayozidi aende kituo cha afya na kueleza anakoishi na kinachochomwa karibu naye. Rekodi hiyo humsaidia daktari, na siku moja huenda ikawa ushahidi.