Niasini, Mwako wa Ngozi na Dhana ya Kusafisha Mishipa

Swali ninaloulizwa kuliko yote mbele ya meza ya duka la dawa hapa Penrith, Sydney, na mama wa Kikongo anayepanda treni kutoka Mount Druitt, na kijana wa Kikenya atokaye zamu ya usiku, na mzee wa Mombasa aliyekuja kuwatazama wajukuu wake, ni hili: katika niasini ya kushusha kolesteroli, ipi bora, inayochoma au isiyochoma? Nimelijibu kwa upole, nimelijibu kwa haraka, na maadamu linarudi kana kwamba halikupata kujibiwa, nimeonelea niliandikie jawabu lake kwa ukamilifu, ili atakayeuliza tena nimpe karatasi akasome nyumbani kwa utulivu. Jawabu lenyewe ni fupi: isinunuliwe hii wala ile. Yanayotaka nafasi ni mambo yaliyozaa swali, kwa kuwa muulizaji huwa amekwisha kuamini kwamba niasini hulinda moyo, na limembakia kuchagua chupa tu.

Tuanze na chupa, maana aghalabu huwa mkononi. Mama mmoja aliiweka yake mbele yangu akasema, "Daktari, hii ndiyo ile isiyochoma, mwanangu ameniagizia, na zile za hospitali nimeziacha." Tuliigeuza, akavaa miwani, tukasoma pamoja maandishi madogo ya nyuma: nikotinamidi, miligramu 500. "Mama yangu," nikamwambia, "haikuchomi kwa sababu si ile uliyoambiwa." Vitamini B3, ndiyo niasini, ina sura mbili kubwa, asidi ya nikotiniki na nikotinamidi, na ijapokuwa zote mbili huutosheleza mwili kwa lishe, ni asidi ya nikotiniki peke yake, tena kwa vipimo vikubwa sana, inayogusa mafuta ya damu, nikotinamidi haishushi kolesteroli hata chembe. Kadhalika zile chupa zinazojinadi kuwa ni niasini isiyo na mwako, ambazo nyingi zina inositoli heksanikotineti, hazimwagi ndani ya damu asidi ya nikotiniki ya kutosha kuleta mwako wala kuleta badiliko lolote la maana katika mafuta. Basi huyu mama, aliyeacha dawa yake ya kweli kwa ajili ya chupa hii, alikuwa akiishi miezi ile yote bila dawa.

Najua pia umaarufu wa chupa hiyo katika mji huu ulikotoka. Mwaka 2015 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sydney walitangaza utafiti wao juu ya watu 386, ambao kila mmoja alikuwa amekwisha kupatwa na saratani za ngozi zisizo melanoma angalau mbili katika miaka mitano iliyotangulia, na waliokunywa nikotinamidi miligramu 500 mara mbili kwa siku kwa muda wa mwaka mmoja walipata saratani mpya pungufu kwa asilimia 23 kuliko wenzao waliopewa vidonge vitupu. Ni kazi ya heshima, na ina faida kwa wenye ngozi nyeupe iliyounguzwa na jua la Australia tangu utotoni. Lakini haikuhusu moyo, wala mishipa, wala kolesteroli, na anayeihamisha kutoka ngozi ya jirani yake hadi moyo wa mama yake anaidhulumu elimu na anamdhulumu mama.

Sasa niiendee ile inayochoma, maana hapo ndipo penye itikadi yenyewe. Mtu akimeza asidi ya nikotiniki ya kutosha, haipiti nusu saa uso unaiva, masikio yanapata moto, shingo na kifua vinawasha, na wekundu unatapakaa, ambao kwenye ngozi yetu nyeusi hauonekani sana lakini huhisiwa vilivyo. Watu wameambiwa kwamba moto huo ni mafuta yanayoyeyuka ndani ya mishipa na kutoka kwa njia ya ngozi, kama bomba la jikoni linalozibuliwa kwa maji ya moto, na kwa hiyo kadiri unavyoungua ndivyo unavyosafika. Nimewasikia wakipongezana kwa mwako mkali, na nimewaona wakiongeza kidonge cha pili pale mwako ulipofifia, wakidhani kwamba dawa imepoteza nguvu.

Hakuna mafuta yanayoyeyuka. Asidi ya nikotiniki huziamsha seli fulani zilizomo ndani ya ngozi, nazo zikatoa kemikali iitwayo prostaglandini, ambayo hulegeza na kutanua vimishipa vidogo vya uso na kifua, damu ikajaa hapo, na joto likasikika. Yote haya hufanyika katika ngozi, na mishipa ya moyo haina habari nayo. Atakaye burhani na azitazame tatu. Ya kwanza, kidonge cha aspirini kikitangulia kwa nusu saa hupunguza mwako kwa kuizuia prostaglandini, na hakuna mwenye akili atakayedai kwamba aspirini imeyazuia mafuta yasiyeyuke. Ya pili, mwili huuzoea mwako baada ya siku chache au majuma machache, ilhali athari ya dawa katika mafuta ya damu inaendelea vile vile, na hii yaonyesha kwamba mambo hayo mawili yana njia mbalimbali. Ya tatu ndiyo inayonipendeza zaidi: katika utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada uitwao AIM-HIGH, watafiti walitaka wagonjwa wasiweze kubahatisha nani kapewa dawa na nani kapewa kidonge kitupu, wakatia katika kila kidonge kitupu miligramu 50 za niasini, kiasi kisichotosha kutibu kitu, ili nao waliokimeza wapate kuwaka nyuso. Mwako uliwekwa pale kwa makusudi, ukiwa hauna tiba ndani yake.

Tena utando wenyewe wa mafuta unaotisha haukukaa juu ya mshipa kama ukoko uwezao kukwanguliwa. Umo ndani ya ukuta wa mshipa, umechanganyika na seli, nyuzi na chokaa, na hatari yake ni kupasuka kwa ghafula na kugandisha damu mahali pale, jambo ambalo joto la uso haliwezi kulifikia. Linaloweza kufikiwa na mwako ni shinikizo la damu, ambalo hushuka mishipa inapotanuka. Na katika mji huu, uliopata nyuzi 48.9 za joto tarehe 4 Januari 2020, mzee anayetumia dawa za presha akameza niasini alfajiri na kutoka nje adhuhuri ajihadhari asianguke njiani.

Hapo msomi wa nyumba hunikatiza: "Lakini Daktari, si madaktari wenyewe walikuwa wakiiandika?" Naam, waliiandika, na kwa insafu yapasa ielezwe kwa nini. Mwaka 1955 Rudolf Altschul, Abram Hoffer na mwenzao huko Saskatchewan, Kanada, walionyesha kwamba asidi ya nikotiniki kwa vipimo vya gramu hushusha kolesteroli, na wakati huo dawa nyingine ya maana ilikuwa haijapatikana. Katika utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 1975, wanaume waliokwisha kupata mshtuko wa moyo wakapewa gramu 3 kwa siku, walipungukiwa na mishtuko mingine isiyoua, ingawa vifo havikupungua wakati ule. Na walipotazamwa tena baada ya miaka 15, vifo vilionekana pungufu kwa kiasi cha asilimia 11. Tumaini hilo halikuwa la kipuuzi. Fauka ya hayo niasini ilipandisha HDL, ile inayoitwa kolesteroli nzuri, kuliko dawa nyingine, na karatasi ya maabara ya mwenye kuitumia ilikuwa inafurahisha kuisoma.

Walakini karatasi si moyo, na ilipopimwa juu ya watu waliokuwa tayari wanatumia statini, zile dawa za kushusha kolesteroli, niasini ilishindwa, ikashindwa tena. AIM-HIGH, yenye wagonjwa 3,414, ilisimamishwa kabla ya wakati wake mwaka 2011: HDL ilipanda kama ilivyoahidiwa, na mishtuko ya moyo na maradhi yaliyofuatana nayo yakawapata asilimia 16.4 ya waliotumia niasini, dhidi ya asilimia 16.2 ya wenzao. Kisha ukaja utafiti wa HPS2-THRIVE uliosimamiwa na watu wa Oxford, juu ya wagonjwa 25,673 wa Uingereza, nchi za Skandinavia na China, ambao walipewa gramu 2 kwa siku pamoja na dawa ya kuzuia mwako. Matokeo yake ya mwaka 2014, baada ya takriban miaka minne, yalikuwa asilimia 13.2 dhidi ya 13.7, tofauti ambayo haiwezi kutofautishwa na bahati. Kwa upande wa madhara tofauti ilikuwa dhahiri: kisukari kipya, kisukari cha zamani kuharibika, maambukizo, kutokwa na damu, matatizo ya tumbo na ya misuli. Dawa ile ya mchanganyiko iliondolewa sokoni Ulaya mwaka 2013, na mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani ikafuta idhini ya kuambatanisha niasini ya kutoka polepole na statini. Na HDL yenyewe, ambayo watu huniletea namba yake kama cheti cha kufaulu, imepandishwa kwa dawa nyingine pia pasipo faida. Moja yao, torcetrapib, ilisimamishwa mwaka 2006 kwa kuwa waliopewa walikufa wengi zaidi, HDL zao zikiwa juu.

Madhara niliyoyataja si ya vitabuni kwa watu wetu. Kisukari kimo katika nyumba nyingi ninazozijua kutoka Blacktown hadi Kingswood, na niasini huipandisha sukari. Jongo lipo, na niasini huongeza asidi ya yuriki inayoliamsha. Lakini linalonitia hofu kuliko yote ni ini, na hapa yule anayechagua "isiyochoma" anaweza kuwa anachagua iliyo mbaya zaidi, kwa sababu baadhi ya vidonge vinavyopunguza mwako vina asidi ya nikotiniki halisi iliyotengenezwa itoke polepole mchana kutwa. Katika utafiti mmoja wa Marekani wa mwaka 1994, nusu na zaidi ya waliotumia aina hiyo ya polepole waliharibikiwa na ini, na miongoni mwa waliotumia aina ya kawaida hakuna hata mmoja. Mtu akiacha vidonge vya kawaida akahamia vya polepole kwa kipimo kile kile, akidhani kwamba amejirahisishia, amejitia hatarini. Na chupa zinazoagizwa kwa intaneti hazimwambii hivyo.

"Lakini ni vitamini tu," huambiwa, na jina hilo ndilo linalouza. Mwanamume mzima anahitaji miligramu 16 kwa siku na mwanamke 14, nao huzipata kwa samaki, kuku, karanga na mkate bila kufikiri. Gramu 2 ni mara 125 ya haja ya mwanamume, na kwa kiasi hicho kitu kimekwisha kuwa dawa, chenye madhara ya dawa. Niasini inayookoa maisha ipo, nayo naiheshimu: mwaka 1990, wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi walipopungukiwa na karanga katika posho yao wakabakia na mahindi, pelagra, ugonjwa wa kukosa niasini, iliwapata watu zaidi ya 18,000. Huko vitamini hii ilikuwa na kazi. Katika nyumba yenye jokofu lililojaa, hapa Penrith, haina kazi ya ziada.

Nimegundua kwamba nyuma ya swali la niasini kuna hofu ya statini, na hofu hiyo siidharau, maana maumivu ya misuli husikika kweli. Hata hivyo katika utafiti wa London uliotolewa mwaka 2020, watu 60 waliokwisha kuacha statini kwa sababu ya maudhi walipewa miezi mingine statini, miezi mingine vidonge vitupu, miezi mingine wasipewe kitu, na asilimia 90 ya maudhi waliyoyapata kwa statini waliyapata pia kwa vidonge vitupu. Nusu yao walirudia dawa. Na anayeikimbia statini akanunua mchele mwekundu uliochachuliwa ajue kwamba ndani yake mna lovastatini ile ile, isiyopimwa.

Basi la kufanya. Mwombe daktari wako uchunguzi wa moyo, ambao Medicare huugharimia, na uulize hatari yako ya miaka mitano, kwa kuwa kolesteroli haihukumiwi peke yake bila presha, sukari, sigara na umri. Ukiandikiwa statini, inywe. Kila upungufu wa milimoli 1 ya LDL, ile kolesteroli mbaya, kwa lita hupunguza mishtuko na viharusi kwa kiasi cha moja ya tano, na mwenye kadi ya punguzo hulipa dola 7.70. Ikikuumiza, usiache kimya: kuna kupunguza kipimo, kuna kubadilisha aina, kuna dawa nyingine iitwayo ezetimibi, kuna sindano kwa walio na hatari kubwa. Mwenye mimba au anayeitafuta aseme mapema. Punguza samli, mawese na tui zito, zidisha maharage, kunde na shayiri, tembea, acha sigara. Na wewe unayemeza niasini ya gramu nzima bila kuandikiwa, iache, umwombe daktari apime ini na sukari; ukiona macho ya manjano, mkojo mweusi au kichefuchefu kisichokoma, nenda hospitali siku hiyo hiyo, na chupa yako uichukue.