Oksijeni Inapopungua: Damu, Ubongo na Uamuzi wa Mtu

Katika makala hii tunaeleza kinachotokea kichwani mwa mwanadamu anapokosa oksijeni ya kutosha. Jambo hili si la madaktari peke yao. Linawahusu vijana wa parokia zetu wanaokwenda kupanda Mlima Kilimanjaro, na zaidi linawahusu ndugu zetu wa hapa Mpanda wanaoshuka kwenye maduara ya dhahabu.

Tuanze na ubongo wenyewe. Uzito wake ni kama asilimia 2 tu ya mwili wa mtu mzima, lakini mwili ukiwa umepumzika ubongo hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote. Tena hauna ghala. Ini huweka akiba ya sukari, lakini ubongo hauna akiba ya oksijeni. Huishi kwa kile ambacho damu inauletea sasa hivi, kupitia mishipa mikubwa minne ya shingoni. Damu ikikatika kabisa, mtu huzimia ndani ya sekunde 10 hivi, na baada ya dakika chache seli za ubongo huanza kufa.

Sasa twende Kilimanjaro. Wengi hudhani kwamba kileleni hewa ina asilimia ndogo ya oksijeni. Sivyo. Ni asilimia 21 ile ile, Dar es Salaam na kilele cha Uhuru, mita 5,895. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa, ambao kule juu ni karibu nusu ya ule wa pwani. Kwa hiyo kila pumzi huleta oksijeni kama nusu tu.

Mwili haukai kimya. Pumzi huenda haraka, moyo hupiga mbio, na mishipa ya damu ya ubongo hutanuka ili damu nyingi zaidi ipite. Ni kama mama ambaye maziwa yamepungua ubora, naye anaongeza vikombe. Lakini kuna mvutano: kupumua haraka hutoa hewa ukaa nyingi mwilini, na hewa ukaa ikipungua, mishipa hiyo hiyo ya ubongo husinyaa. Oksijeni ikishuka sana, kutanuka ndiko hushinda. Mishipa ya mapafu, kwa upande wake, hufanya kinyume: ikikosa oksijeni, husinyaa.

Ulinzi huu una mpaka. Mpandaji huanza kuumwa kichwa na kusikia kichefuchefu. Akiendelea kupanda, maji yanaweza kuvuja kutoka kwenye mishipa na ubongo ukavimba. Hapo huyumba kama mlevi, huchanganyikiwa, na anaweza kufa. Tiba ya kwanza ni kumshusha mara moja. Ndiyo maana waongozaji husema "pole pole", na safari ya siku nyingi ni salama kuliko ya haraka.

Hapa ndipo penye hatari kubwa. Kiungo kinachoharibika ndicho kile kile kinachotakiwa kuamua kwamba tumeharibikiwa. Mtakatifu Thoma wa Akwino alifundisha kwamba akili ya mwanadamu, katika maisha haya, haifanyi kazi bila msaada wa mwili. Kiungo cha mwili kikidhurika, hata kufikiri huzuilika. Mtu aliyepungukiwa oksijeni husema "niko sawa" bila kudanganya. Haoni.

Mlimani hali hii huja kwa saa au siku. Kwenye duara huja kwa dakika. Tunahisi kubanwa pumzi hasa kwa sababu hewa ukaa imejaa mwilini, si sana kwa sababu oksijeni imepungua. Hivyo mtu anaweza kuishiwa oksijeni bila kuhisi lolote, akaanguka. Moshi wa jenereta au pampu huongeza kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu, ambayo hushikamana na chembe nyekundu za damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa huleta hewa hiyo hiyo.

Kwa hiyo uamuzi ufanyike kabla ya kushuka, akili ikiwa bado nzima. Injini ibaki juu, mbali na mdomo wa shimo. Hewa safi ipulizwe chini kwanza. Anayeshuka afungwe kamba, na wa juu wawe na mamlaka ya kumvuta hata akikataa. Mwenzetu akianguka, tusimfuate mikono mitupu; wengi hufa wakijaribu kuokoa. Tupeleke hewa, tumvute, tuite msaada.

Tukubaliane basi, mlimani na machimboni, kwamba mwenzetu akisema "toka", tunatoka. Anaona kile ambacho ubongo wetu umeshindwa kutuonyesha.