ALAMA ZA NJIANI HUOKOA MAISHA

Katika jimbo la Virginia, nchini Marekani, karibu na jiji la Washington, iko njia ya lami ambayo zamani ilikuwa reli. Treni zilikoma kupita mwaka 1968. Badala ya tuta la reli kuachwa limezwe na magugu, liligeuzwa kuwa njia ya wananchi. Sehemu ya kwanza ilifunguliwa katika mji wa Falls Church mwaka 1974, na mwaka 1988 njia ikafika Purcellville. Urefu wake ni kilomita 72 hivi, nayo ingali na jina la reli ile: Washington and Old Dominion. Hupita humo waendesha baiskeli, wakimbiaji, wazee wenye mikongojo na akina mama wasukumao vigari vya watoto.

Amani hiyo hukoma pale njia inapokatana na barabara ya magari. Gari liendalo kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 kila sekunde. Dereva akikawia sekunde moja na nusu tu kabla ya kukanyaga breki, gari limekwisha kwenda mita 21 bila kupunguza mwendo. Mwendesha baiskeli naye huja upesi kuliko mtembea kwa miguu, na vichaka vikiziba macho, humtokea dereva ghafla.

Hatari iliyo kubwa zaidi imo katika wema. Barabara ikiwa na safu mbili za magari zielekeazo upande mmoja, dereva wa kwanza husimama kwa hisani, lakini gari lake humficha mvukaji asionwe na dereva wa safu ya pili. Ndiyo sababu wahandisi huchora mstari wa kusimamia mita kadhaa kabla ya kivuko, ili macho yapate nafasi. Pia huweka taa za kumetameta zinazowashwa na mvukaji mwenyewe, kisiwa cha kupumzikia katikati ya barabara, na hufyeka vichaka vya kando.

Alama nazo zahitaji busara. Amri ya kusimama ikiwekwa hata penye kijia kisichopita gari, watu huizoea na kuidharau. Kisha huidharau pia pale penye kifo. Alama chache, kubwa na za kweli hutiiwa kuliko msitu wa vibao. Vilevile nguzo za kuonyesha umbali zilizosimamishwa kando ya njia hii humwezesha aliyeona ajali kuwaambia polisi mahali hasa alipo majeruhi.

Penye magari mengi mno, rangi na vibao havitoshi. Huko Arlington, daraja la kuivusha njia hii juu ya barabara kuu lilifunguliwa mwaka 2021.

Mafunzo haya yafaa kila nyumba yenye baiskeli. Mzazi amfundishe mtoto kushuka, kusimama, na kuisukuma baiskeli anapovuka. Katika Uganda, Kenya na Tanzania, ambako magari hupita kushoto, atazame kulia, kushoto, kisha kulia tena. Gari moja likisimama, asikimbie. Achungulie kwanza kama kuna lingine nyuma yake. Na dereva akiona mwenzake amesimama mbele ya kivuko, naye asimame. Haraka haraka haina baraka.